Safari ya Mirihi na machozi ya bibi



Barua nyingi zinazotufikia huzungumzia ada za shule, mahari, warithi wasioelewana na watoto wasiotaka kuamka Alfajiri. Barua tuliyoipokea mwanzoni mwa mwezi huu ni ya aina nyingine. Mama mmoja anatueleza kuwa mwanawe wa miaka 11, aliye darasa la sita, aliitangazia familia nzima kwamba akiwa mkubwa atakwenda kwenye sayari ya Mirihi. Walikuwa wamekaa mkekani baada ya chakula cha usiku. Watu wazima walicheka. Bibi yake, mzaa baba, hakucheka. Aliuliza, "Ni mwendo wa siku ngapi, mjukuu wangu?" Kijana akajibu kuwa hajui, ila ni mbali sana. Bibi akafuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Baba alipoona mama yake analia alikasirika. Akamwambia kijana aache upuuzi, kwamba hayo ni mambo ya watu wengine na sisi hatukuandikiwa, na kesho yake akakifungia kabatini kitabu cha sayari ambacho mtoto alikiazima shuleni.

Mama anatuuliza mambo mawili. La kwanza, safari hiyo huchukua muda gani hasa, maana mtoto bado anauliza na hapana mtu nyumbani awezaye kumjibu. La pili, je, mume wake amefanya sawa?

Tutayajibu yote mawili. Tutaanza na lile la kwanza, kwa sababu jibu la la pili limo ndani yake.

Hesabu ya basi

Mtoto yeyote akiulizwa swali hili atagawa umbali kwa mwendo, na si vibaya nasi tukaanzia hapo. Dunia na Mirihi zinapokaribiana kabisa, umbali baina yake huwa kiasi cha kilomita milioni 55. Zilikaribiana kufikia karibu kiasi hicho Agosti 27, 2003. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, usiku na mchana, bila kusimama kwa chakula wala kwa swala, lingetumia miaka 78 kuumaliza mwendo huo. Abiria aliyepanda akiwa na miaka 11 angeshuka akiwa na miaka 89. Ndege ya abiria iendayo kilomita 900 kwa saa ingetumia karibu miaka saba. Mwezi wetu, kwa kulinganisha, uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400 tu, na basi lile lile lingeufikia kwa siku 200.

Hesabu hii inasaidia kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe, lakini ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kuwa Dunia na Mirihi hazikai mahali pamoja zikasubiriana. Dunia hulizunguka Jua kwa siku 365, kwa mwendo wa kilomita 30 hivi katika kila sekunde. Mirihi, iliyo mbali zaidi na Jua, huenda polepole zaidi, kilomita 24 hivi kwa sekunde, na mzunguko wake mmoja huchukua siku 687. Kwa hiyo umbali baina yake hubadilika kila siku. Zikiwa upande mmoja wa Jua huweza kuwa kilomita milioni 55; zikiwa pande mbili zinazoelekeana, Jua likiwa katikati, umbali hufika kilomita milioni 400.

Kasoro ya pili ni kuwa chombo hakiendi kwa mstari ulionyooka. Kinapoiacha Dunia tayari kinao ule mwendo wa Dunia wenyewe, kama kondakta anayeruka kutoka kwenye gari ambalo halijasimama: miguu yake hulazimika kukimbia kuelekea lilikokuwa likielekea gari. Roketi huongeza mwendo kidogo tu juu ya ule uliokwisha kuwapo. Chombo huanza kupanda taratibu kutoka kwenye njia ya Dunia, kikilizunguka Jua na kujitenga nalo kidogo kidogo, mpaka kikutane na Mirihi karibu na upande wa pili wa Jua. Mwindaji hamlengi ndege pale alipo, humlenga pale atakapokuwa. Wanaorusha vyombo hivi nao huelekeza chombo mahali ambapo siku ya kuondoka hapana kitu, lakini Mirihi itafika hapo miezi kadhaa baadaye.

Njia inayotumia mafuta machache kuliko zote huchukua siku 259 hivi, yaani miezi minane na nusu. Ukiongeza mafuta na kuchagua mwaka mzuri, unaweza kufika kwa miezi sita na nusu au saba. Hilo, dada yetu, ndilo jibu fupi la swali la mwanao. Tulithibitishe sasa kwa safari zilizokwisha kufanyika.

Safari ya Al-Amal

Chombo cha kwanza kupita karibu na Mirihi na kuleta picha zake kilikuwa Mariner 4 cha Marekani. Kiliondoka Novemba 28, 1964, kikapita karibu na sayari hiyo katikati ya Julai 1965, baada ya siku 228. Viking 1 kiliondoka Agosti 1975 na kuanza kuizunguka Mirihi Juni 1976, miezi kumi baadaye. Gari lisilo na dereva liitwalo Perseverance lilirushwa Julai 30, 2020, likatua Februari 18, 2021, baada ya siku 203.

Safari ambayo tungependa familia ile isimuliwe zaidi ni ya chombo cha Al-Amal, yaani Tumaini, kilichotumwa na Umoja wa Falme za Kiarabu. Kilirushwa Julai 20, 2020, kwa saa za Falme hizo, kutoka kisiwa cha Tanegashima nchini Japani. Kiliifikia Mirihi Februari 9, 2021, katika mwaka ambao nchi hiyo ilitimiza miaka 50 tangu kuundwa kwake. Kilikuwa kimesafiri kiasi cha kilomita milioni 493. Hapa mtoto atashangaa, na ni vyema ashangae: tumesema kuwa zikikaribiana umbali ni milioni 55, mbona chombo kimekwenda mara tisa zaidi? Ni kwa sababu ya ile njia ya kupinda tuliyoieleza. Umbali unaoonekana ni mmoja, na mwendo unaokwendwa ni mwingine.

Kufika kwenyewe kulikuwa na mtihani wake. Chombo kilikuwa kikienda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 120,000 kwa saa, na ili kikamatwe na mvuto wa Mirihi kilitakiwa kipunguze mpaka kiasi cha 18,000. Kiliwasha injini zake kwa dakika 27. Kama zingezimika mapema kingeipita Mirihi na kupotea. Siku hiyo habari iliyotumwa kwa redio kutoka chombo ilichukua dakika 11 kuifikia Dunia, ingawa mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba chombo kikipata shida, hapana mtu wa hapa Duniani ambaye angeweza kukiokoa. Habari ya shida ingefika baada ya dakika 11, na amri ya kukisaidia ingechukua dakika nyingine 11. Kila kitu kilikuwa kimefundishwa kabla ya kuondoka, na saa ya kuamua ilipowadia kiliamua chenyewe.

Walioongoza kazi ile walikuwa vijana. Omran Sharaf ndiye aliyeusimamia mradi, na upande wa sayansi uliongozwa na mwanamke, Sarah Al Amiri. Wasichana wetu nao walisikie jina hili.

Msimu wa kuondoka

Katika mwezi huo huo wa Julai 2020 vyombo vitatu viliondoka kwenda Mirihi: cha Falme za Kiarabu, cha China kiitwacho Tianwen-1, na cha Marekani. Vyote vilifika Februari 2021. Hawakuwa wakishindana mbio. Nafasi ya kuondoka hupatikana mara moja tu kwa kila miezi 26, pale Dunia na Mirihi zinapokaa kwa mpangilio unaofaa, na hudumu kwa wiki chache. Ukiikosa, unakaa miaka miwili na zaidi ukisubiri nyingine. Al-Amal kilicheleweshwa siku kadhaa na hali mbaya ya hewa huko Tanegashima, na wahusika walikuwa na mpaka katikati ya Agosti tu. Baada ya hapo wangengoja mpaka mwaka 2022.

Wazee wetu wa pwani hawatashangazwa na jambo hili. Majahazi ya kutoka Arabuni na Ghuba yalikuja huku kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Nahodha aliyechelewa kumaliza biashara yake Zanzibar au Lamu mpaka msimu ukampita, hakuwa na la kufanya ila kukaa na kungoja. Ushujaa haukumsaidia wala mali haikumsaidia. Aliyekuwa na haraka alitweka tanga wakati ule ule na asiyekuwa na haraka, kwa kuwa upepo ni mmoja. Bibi wa kijana huyu, kama ni mtu wa pwani, analielewa jambo hili kuliko mwalimu wa sayansi. Aambiwe kwamba Mirihi nayo ina msimu wake.

Kupita na kutua

Sayari nyingine je? Tuzitaje, kwa kuwa mtoto akishajibiwa moja ataziuliza zote.

Zuhura ndiyo inayotukaribia zaidi, mpaka kiasi cha kilomita milioni 40. Mariner 2 kiliondoka Agosti 27, 1962 na kupita karibu nayo Desemba 14 mwaka huo, siku 109. Mushtarii, iliyo kubwa kuliko zote, ilipitwa na Voyager 1 baada ya mwaka mmoja na nusu, tangu Septemba 1977 mpaka Machi 1979. Lakini chombo cha Juno, kilichokwenda kukaa huko na kuizunguka, kiliondoka Agosti 2011 na kufika Julai 2016, karibu miaka mitano. Zohali ilifikiwa na Cassini kwa muda usiopungua sana miaka saba, kuanzia Oktoba 1997 hadi Julai 2004. Voyager 2 ndicho chombo pekee kilichozitembelea Uranusi na Neptuni: kiliondoka Agosti 1977, kikafika Uranusi Januari 1986 na Neptuni Agosti 1989. Miaka 12 kamili. Mtoto aliyezaliwa siku kile kilipoondoka alikuwa shuleni, wa umri wa kijana wetu huyu, kilipofika.

Msomaji makini ameona kitu hapa. Kwa nini Mushtarii ile ile mmoja aifikie kwa mwaka mmoja na nusu na mwingine kwa miaka mitano? Jibu ni kwamba Voyager 1 kilikuwa mpita njia, na Juno alikuwa mgeni wa kukaa. Anayepita anaweza kwenda mbio atakavyo. Anayetaka kusimama ni lazima afike kwa mwendo ambao ataweza kuupunguza, na kupunguza mwendo huko angani kunataka mafuta kama kuongeza, kwa kuwa hapana barabara ya kukanyagia breki wala hewa ya kukuzuia. Chombo cha New Horizons kilichorushwa Januari 2006 kiliuvuka umbali wa mwezi kwa saa tisa tu. Wale wanaanga watatu wa Apollo 11, mnamo Julai 1969, walitumia siku tatu kufika huko huko. Tofauti ni kuwa wao walikusudia kusimama na kurudi nyumbani, na kile hakikukusudia kurudi.

Utaridi unashangaza zaidi. Uko karibu nasi kuliko Mushtarii, lakini chombo cha MESSENGER kilichorushwa Agosti 2004 hakikutulia katika mzunguko wake mpaka Machi 2011. Kuuendea ni kama kuteremka mlima mkali kuelekea Jua: ugumu hauko katika kwenda, uko katika kujizuia. Chombo kililazimika kupita karibu na Dunia mara moja, Zuhura mara mbili na Utaridi wenyewe mara tatu, kikipunguza mwendo kidogo kila mara, ndipo kikaweza kutulia.

Habari ya kurudi

Yote tuliyoyataja ni mashine. Hapana binadamu aliyekwisha kutia mguu kwenye sayari nyingine. Watu 12 walitembea mwezini baina ya mwaka 1969 na 1972, na mwezi si sayari, ni jirani wa mlango wa pili. Kwa mashine swali ni moja, kufika. Kwa mtu yapo maswali mawili, na la pili ndilo zito.

Tuchukue ile njia ya mafuta machache. Msafiri anakwenda kwa siku 259. Akifika hawezi kugeuka siku ya pili akarudi, kwa sababu Dunia wakati huo imekwisha kwenda mahali ambapo hawezi kuifikia. Atangoje msimu wa kurudi, na kungoja huko ni siku 450 hivi. Kisha atasafiri tena siku 259. Jumla ni kiasi cha siku 970, miaka miwili na miezi minane. Njia za haraka zaidi hupunguza siku za kusafiri na mara nyingi huongeza siku za kungoja.

Katika muda wote huo hapana duka, hapana hospitali, na hapana kukatiza safari. Mifupa, isipobebeshwa uzito wa mwili, hupungua kiasi cha asilimia moja au moja na nusu kwa mwezi, na ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi karibu saa mbili kila siku. Mionzi ya anga ambayo hewa na usumaku wa Dunia hutukinga nayo huwafikia wao moja kwa moja. Aliyekaa angani mfululizo kuliko wote ni daktari wa Kirusi, Valeri Polyakov, siku 437 kuanzia Januari 1994 hadi Machi 1995, naye hakuwa mbali na Dunia zaidi ya kilomita mia chache. Huko Moscow, baina ya Juni 2010 na Novemba 2011, wanaume sita walifungiwa kwa siku 520 ndani ya vyumba visivyo na dirisha la nje, ili ijulikane kama moyo wa mtu unaweza kuistahimili safari ya namna hiyo. Walitoka salama.

Na mazungumzo je? Ujumbe huchukua baina ya dakika tatu na 22 kutoka Dunia hadi Mirihi, kutegemea umbali wa siku hiyo. Mama akisema, "Hujambo, mwanangu?" siku ambayo sayari ziko mbali kabisa, atasubiri dakika 44 kusikia, "Sijambo, mama." Kuzungumza kwa simu kama tulivyozoea hakuwezekani. Watarudi kwenye barua, kama walivyokuwa wazee wetu.

Wapo watakaouliza habari ya ibada, na swali hili si geni tena. Mwislamu wa kwanza kwenda angani, Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, alikwenda Juni 1985. Daktari Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda kwenye kituo cha anga mnamo Oktoba 2007, ilikuwa Ramadhani, na chombo kile huona Jua likichomoza mara 16 kwa siku moja ya Dunia. Wanazuoni wa Malaysia walikutana na wataalamu wa anga, wakamwandalia mwongozo: swala tano katika saa 24, kwa kufuata saa za mahali aliporukia, na qibla kwa kadiri ya uwezo wake. Huko Mirihi siku ina saa 24 na dakika 39, hivyo mchana na usiku si tatizo. Miezi ndiyo itakayowashughulisha masheikh wetu. Mirihi inayo miwili, na mmoja wao, Phobos, huizunguka sayari kwa muda usiofika saa nane, ukichomoza magharibi na kutua mashariki. Wanaosubiri mwandamo kwa simu huku kwetu na wamshukuru Mola wao.

Kuhusu kitabu kilichofungiwa

Sasa tulirejee swali la pili, nasi tunazungumza na baba wa kijana kwa heshima zote, kwa kuwa alilofanya alilifanya kwa kumhurumia mama yake.

Ndugu yetu, umesema hayo ni mambo ya watu wengine. Hebu yatazame majina ya sayari katika lugha yako: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali. Majina haya yalitufikia kwa Kiarabu, kwa watu waliozitazama sayari hizo usiku baada ya usiku na kuziandikia majedwali. Al-Biruni, miaka takriban elfu moja iliyopita, aliupima ukubwa wa Dunia kwa kusimama juu ya mlima karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistani ya leo, na kupima jinsi upeo wa macho unavyoshuka. Hata pwani yetu imo. Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kupima mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru. Palichaguliwa hapo kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako Dunia huzunguka kwa kasi zaidi na kuisaidia roketi. Mwanao hakuingia shamba la mtu.

Lakini pia, ndugu yetu, tunakubali kuwa machozi ya mama yako hayakuwa ya upuuzi. Pale mkekani yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. Nyinyi mlicheka kwa kuwa mliona mtoto anacheza. Yeye alimsikiliza kama mtu mzima anayeaga. Huenda aliwahi kuona watu wakiagwa. Mahujaji wa zamani, kabla ya ndege, walikuwa safarini kwa miezi. Kabla ya kuondoka walilipa madeni, waliandika wasia, wakapita nyumba hadi nyumba kuomba radhi, kwa sababu hapana aliyejua nani atarudi na nani atamkuta nani. Siku 970 ni nyingi kwa mwenye miaka 30. Kwa bibi wa miaka 70 huenda zikawa zote alizobakiwa nazo. Aliuliza siku ngapi akijua kuwa siku zake si nyingi, na mtoto akamjibu kwa neno "mbali".

Basi tiba, kwa maoni yetu, haiko katika kukifunga kitabu. Mtoto ambaye kitabu chake kimefungiwa hasahau Mirihi. Hujifunza tu kuwa mambo anayoyapenda asiyaseme mbele ya baba yake. Hiyo nayo ni safari ndefu, na wazazi wengi wanaotuandikia wako mwisho wake, wakiuliza kwa nini vijana wao hawazungumzi nao tena.

Tunashauri mambo matatu.

Kwanza, kitoe kitabu kabatini wewe mwenyewe, si mama yake, na ukirudishe mkononi mwa mwanao. Ukiweza, mwambie kuwa hukuwa na jibu. Neno "sijui" halimpunguzii baba heshima. Wanazuoni wakubwa walilitumia.

Pili, fanyeni hesabu pamoja uani. Wekeni ndoo katikati iwe Jua. Mtoto mmoja azunguke kwa karibu na upesi, huyo ndiye Dunia. Mwingine azunguke kwa mbali na polepole, huyo ndiye Mirihi. Kisha Dunia ajaribu kumrushia Mirihi mpira huku wote wakitembea. Atakosa mara nyingi kabla ya kugundua kuwa lazima arushe mbele ya mwenzake, na kwamba zipo nafasi ambazo kurusha hakufai kabisa na inabidi kungoja. Akiligundua hilo, amejifunza kwa nusu saa jambo ambalo sisi tumetumia nusu ya makala hii kulieleza.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kijana aende kwa bibi yake na jibu. Amwambie: "Bibi, ni miezi saba kwenda, na jumla yake kwenda, kungoja na kurudi ni karibu miaka mitatu. Na hapana mtu aliyekwenda bado." Kisha anyamaze, amsikilize. Tunadhani bibi atamwambia habari za safari ambazo yeye anazijua, za waliokwenda na waliorudi, na wasiorudi. Huenda akampa ruhusa, huenda asimpe. Vyovyote iwavyo, mtoto atajua kuwa safari ina watu wawili, anayeondoka na anayebaki, na kwamba anayebaki naye huhesabu siku.

Usiku ambao anga ni safi na Mirihi inaonekana, tokeni nje baada ya Isha mumwonyeshe. Ni ile yenye wekundu wa kutulia, isiyometameta kama nyota. Bibi naye awekewe kiti.

Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah, tukiwa katika afya njema.